Kinyozi Hajinyoi

Agosti mwaka jana nilienda Tawa kumwona susu. Ukitoka Nairobi unapita Machakos, unapita Masii, kisha vilima vinaanza kusogelea barabara, mashamba yamekatwa matuta kama ngazi, mpaka unashukia sokoni ukatafute boda. Nilifika saa kumi jioni nikamkuta ameketi nje ya jikoni, beseni la mbaazi mbichi mapajani, anaambua. Kando yake alikuwa binamu yangu, mtoto wa shangazi, miaka kumi na saba, yuko Form Three.

Huyu kijana anachora. Kwa muda mrefu alikuwa akinitumia picha za kazi zake WhatsApp nami nikimjibu kwa emoji za moto. Siku hiyo alinipa daftari lenyewe, lile la hesabu lenye miraba. Eliud Kipchoge alikuwemo, anatabasamu. Faith Kipyegon alikuwemo, mikono hewani. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa susu, ameketi, beseni mapajani. Kijana ana penseli mbili tu, HB na 2B, na kipande cha raba kilichobaki ukubwa wa punje ya hindi. Lakini mikunjo ya uso, fundo la kilemba, mng'ao wa beseni la bati, vyote vilikuwepo.

"Bro, sema ukweli," akaniambia.

"Hii ni kitu kali," nikasema. "Nani alikufunza?"

"Hakuna. Mimi mwenyewe tu."

"Noma."

Mkono wa kulia wa susu, kwenye mchoro ule, ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chake. Niliuona kabla sijaona kitu kingine chochote. Nikafunga daftari, nikanywa chai.

Sasa, mimi hulipwa kusema ukweli kuhusu kazi za watu. Si pesa nyingi, na mara nyingine hazifiki, lakini ndiyo kazi yangu. Nikiwa kwenye matatu kurudi Nairobi nilijiuliza kwa nini nimemdanganya mtu pekee aliyeniomba ukweli kwa mdomo wake. Nilipofika nyumba nilifungua laptopu, nikatafuta kwenye makala zangu za miaka mitatu maneno haya mawili: "amejifunza mwenyewe". Yalikuwa kwenye makala tisa. Kwenye zote tisa yalikuja katika aya ya kwanza, kabla hata sijasema msanii anachora nini.

Hapo ndipo nilianza kuyashuku.

*

Hebu yatazame vizuri. Ni sifa, lakini ni sifa ya kitu ambacho hakikutokea. Inatuambia mtu hakuwa na mwalimu, basi. Haisemi mstari wake ni mkakamavu au unalegea, haisemi rangi zake zinapatana au zinagombana. Na ni sifa tunayoitoa kwa wasanii peke yao. Ukiambiwa daktari wa meno amejifunza mwenyewe, unashuka kwenye kiti. Ukiambiwa dereva wa matatu amejifunza mwenyewe, unaomba kushukishwa stage inayofuata. Ila kwa mchoraji tunapiga makofi, kama kwamba ujuzi wake ulimwota kama ndevu.

Sifa hii ina historia, na ina soko. Gallery Watatu ilifunguliwa Nairobi mwaka 1968. Katika miaka ya 1980, ilipokuwa mikononi mwa Ruth Schaffner, ikajulikana kwa kuonyesha wasanii ambao hawakupita chuo cha sanaa: Jak Katarikawe kutoka Uganda, Sane Wadu, Joel Oswaggo, Kivuthi Mbuno. Wale waliokuwa na digrii za sanaa walinung'unika, na si bila sababu. Wamesota miaka Makerere au Kenyatta wakisoma anatomia ya mwili, halafu mnunuzi kutoka ng'ambo anashuka kwenye ndege akitaka mtu ambaye hajasoma. Mwaka 1989 Paris ikawa na maonyesho makubwa ya Magiciens de la Terre. Baada ya kuyaona, Jean Pigozzi, tajiri mkusanyaji, alishirikiana na André Magnin kukusanya sanaa ya Afrika, na sehemu kubwa ya wasanii aliowachukua ilikuwa ya waliojifunza wenyewe. Kwa wanunuzi wa aina hiyo, kutosoma lilikuwa jambo la kuvutia. Liliaminika kuwa ushahidi kwamba kazi ni safi, haijaguswa.

Sisemi kazi zenyewe zilikuwa mbaya. Nyingine ni nzuri kupindukia. Ninachosema ni kwamba tuliposema "haijaguswa" tulikosea, na kosa lile bado linawaumiza watoto walio na daftari za hesabu huko Tawa.

Chukua Kivuthi Mbuno, kwa sababu ni jirani. Alizaliwa Mwingi, Kitui, mwaka 1947. Kabla ya kuwa msanii alikuwa mpishi kwenye safari za watalii, akizunguka mbuga za Kenya na Tanzania. Alianza kuchora miaka ya 1970, kwa wino, penseli za rangi na krayoni, kwenye karatasi. Ukiona mchoro wake mmoja utatambua wa pili hata ukiwa mbali. Watu wamerefushwa, wanyama wamerefushwa, shingo zinanyooka kuliko kawaida, mwindaji na mnyama wanakaribia kufanana mwili. Nyuma yao kuna vilima na nyasi zilizochorwa kwa vimistari vidogo vidogo, kwa subira ya mtu anayechambua mchele.

Kwa muda mrefu niliamini, na niliandika, kwamba huyu ni mtu aliyetoka jikoni akaokota kalamu na vipaji vikamwagika. Siku hizi nikitazama michoro hiyo naona jambo jingine. Naona miaka mingi ya kutazama. Mpishi wa kambi huamka kabla ya watu wote. Yuko pale wanyama wanapopita alfajiri, na hana kamera ya kuwapunguzia macho kazi. Swala wa Mbuno hana vipimo sahihi, lakini anasimama kama swala anavyosimama akisikia kitu: uzito umeshakwenda miguu ya nyuma. Huwezi kubuni hilo, ni la kuonwa, tena mara nyingi. Na wale wawindaji wenye pinde na podo ni maisha ya Wakamba, mambo ya kusikia kwa wazee kabla hujayaona kwenye karatasi.

Kwa hiyo hakufunzwa chuoni, sawa. Lakini kusema hakufunzwa ni kusema nyika na wazee na miaka ile si kitu. Ni dharau iliyovaa nguo ya sifa.

*

Kutoka Tawa si mbali kufika Wamunyu, ambako kuchonga sanamu za mbao kulianza kuwa biashara ya Wakamba. Hadithi inayosimuliwa huko ni ya Mutisya Munge, aliyeenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akawakuta wachongaji, akajifunza kwao, akarudi nyumbani na ujuzi ule. Wengine wakajifunza kwake. Leo twiga wa Wamunyu yuko kila duka la kumbukumbu kuanzia uwanja wa ndege mpaka ufuo wa Diani, na mabwana wa sanaa humdharau: eti ni wa kunakili, wote wanafanana.

Ni kweli wanafanana. Lakini tazama jinsi kijana wa Wamunyu anavyojifunza, kisha umlinganishe na binamu yangu. Wa Wamunyu anaanza kwa kupiga msasa sanamu ya mwingine. Anapewa mguu wa twiga, mguu tu, na akiukosea kuna mzee kwenye kigoda kando yake atakayeuchukua, auzungushe, amwambie goti halikai hapo. Hakuna emoji ya moto. Goti halikai hapo, rudia.

Utaratibu huu uko kila mahali ambako tunasema watu "walijifunza wenyewe". Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya mbao laini za mraba. Alikufa mwaka 1972, akiwa na takriban miaka arobaini. Kazi yake ya uchoraji ilidumu miaka michache tu. Na bado alipokufa alikuwa ameshawafunza wengine, jamaa zake wengi wao, waliokuwa wakiketi naye wakijaza rangi. Ndiyo maana leo Tingatinga si jina la mtu tu, ni jina la mtindo. Mtu wa kwanza labda hakuwa na mwalimu. Wa pili alikuwa naye tayari.

Kibera kuna Maasai Mbili, kundi lililoanzishwa mwaka 2001 na wachoraji wawili wa mabango, Otieno Gomba na Otieno Kota. Bango ni shule kali kuliko watu wanavyodhani. Ukichora kichwa kwenye ukuta wa kinyozi na kichwa hicho kikafanana na kiazi, wateja watacheka na kinyozi hatakulipa. Hilo ni somo, na limetolewa siku hiyo hiyo.

Na Gado, ambaye katuni zake zimewakosesha wanasiasa wengi usingizi, alikuwa akisomea usanifu wa majengo Ardhi, Dar es Salaam, akaacha. Mwaka 1992 akaja Nairobi kuchora kwa gazeti la Nation. Sisi tulioacha chuo tunampenda sana mtu huyu kwa sababu hiyo, tunamtaja kila mama anapoanza hotuba. Tunasahau kwamba hakuondoka shule kwenda kulala. Aliondoka kwenda mahali ambapo kuna mhariri, kuna saa ya kufunga ukurasa, na kesho yake kuna nchi nzima itakayojua kama pua ile ni ya rais au si yake.

Basi kuna kitu ambacho Mbuno pekee, miongoni mwa hawa niliowataja, labda aliweza kukaa bila nacho kwa muda. Wengine wote walikuwa na mtu wa kuwaambia goti halikai hapo. Wahenga walishalimaliza jambo hili kwa maneno mawili: kinyozi hajinyoi. Anajua kunyoa, wembe ni wake, kioo anacho. Kisogo ndicho hakioni.

*

Mtaniambia: lakini intaneti ipo. Kweli, ipo. Binamu yangu ametazama video nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa sanaa wa miaka ya 1980 alivyotazama vitabu. Anajua kugawa uso kwa miraba, na lile daftari la hesabu ni werevu wake mwenyewe, miraba inakuja bure. Anajua kivuli hakichorwi kwa kusugua kidole. Shule yake haina mwalimu wa Sanaa. Kwenye 8-4-4 ya mwanzo somo hilo lilikuwa na mtihani katika darasa la nane, baadaye likaondolewa, na shule nyingi zikaliacha life. Wadogo zake wa mtaala mpya wamewekewa njia ya Sanaa na Michezo kwenye sekondari ya juu. Yeye amepita katikati, akaangukia simu.

Simu inafunza, lakini haitazami daftari lako. Hilo ndilo tatizo lake la kwanza. Tatizo la pili ni aina ya mchoro inaoupenda. Ukiingia Instagram au TikTok kutafuta wachoraji wetu vijana, utakutana na uso. Uso wa mtu maarufu, kwa penseli au makaa, matone ya jasho, kila unywele, na video iliyoharakishwa ya saa arobaini za kazi. Watu wanaandika chini: nilidhani ni picha. Wanadhani wamesema sifa kubwa kuliko zote.

Nimekuwa nikijizuia kuandika haya kwa miaka miwili, kwa sababu vijana hawa wanafanya kazi kwa bidii na wengine wanalipa kodi ya nyumba kwa michoro hiyo. Lakini ukweli ni kwamba nyingi zinachosha. Ukishasema "nilidhani ni picha" huna la kuongeza, kwa sababu picha ilikuwepo tayari. Mchoraji amefanya kazi ya mashine, polepole. Maamuzi yote ya kuchosha akili (wapi pa kusimama, mwanga utoke wapi, nini kiachwe nje) yalifanywa na mpiga picha wa shirika la habari ambaye hata hakutajwa.

Sasa kuna wale watakaosema jibu ni kuacha kunakili kabisa. Elimo Njau, mzee aliyesomea sanaa Makerere na kuanzisha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, amefundisha kwa miaka mingi kwamba kunakili ni kumlaza Mungu usingizi. Namheshimu, na nadhani aliwalenga wale wanaonakili kwa ajili ya kuuza. Lakini kwa mtoto anayeanza sikubaliani naye. Mtoto husema kwa kunakili. Mchongaji wa Wamunyu huanza kwa mguu wa mwingine. Swali ni unanakili nini. Ukinakili mstari wa Mbuno, unajifunza uamuzi: kwa nini alirefusha hapa, kwa nini hapa hakuweka kitu. Ukinakili picha ya simu unajifunza subira, ambayo ni nzuri, na unyenyekevu mbele ya simu, ambao si mzuri.

*

Hapa lazima niseme yangu, maana nimesema ya watu.

Niliacha chuo mwaka wa tatu, 2022. Karo ndiyo sababu ninayowaambia watu, na ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa nimechoka kusahihishwa. Kila insha ilirudi na wino mwekundu, na nilijiambia kwamba wale wahadhiri wanaua sauti yangu. Mapema mwaka huo huo Nairobi Contemporary Art Institute ilifungua milango kwa maonyesho ya Sane Wadu, yenye jina I Hope So. Nilienda mara tatu, kiingilio hakuna. Sane Wadu alikuwa mwalimu, akaacha kazi ili achore. Majirani wakasema amerukwa na akili, naye akajiita Sane, yaani mwenye akili timamu. Nilisimama mbele ya picha zile, wanyama na watu wakichanganyikana, rangi nzito kama udongo, nikasema: huyu ndiye mtume wangu. Ukiitwa mwenda wazimu, jibu ni kuendelea.

Nilichokiruka, kwa sababu sikukitaka, ni kwamba mtu yule hakuwa peke yake. Mkewe, Eunice, naye ni mchoraji. Na katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa walioanzisha kundi la wasanii wa Ngecha. Kijiji kimoja, wachoraji kadhaa, wanatazamana kazi. Nilichukua nusu ya hadithi, ile ya kuondoka. Nusu ya kukusanyika niliiacha ukutani.

Mwaka wa kwanza nje ya chuo niliandika sana, na marafiki wote waliniambia kitu kali. Mwaka ule uandishi wangu haukusogea hata hatua moja. Nikisoma makala zile leo naona makosa yale yale, tena yamenenepa kwa kusifiwa. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Siku zote nilidhani methali hiyo inamlaumu mgema. Sasa naona wanywaji nao wana lawama yao, walionja maji wakasema tamu.

Kilichoniokoa ni mhariri mmoja aliyenirudishia makala na sentensi moja juu: "Aya tano za kwanza hazina kitu, anza hapa." Nilikasirika siku mbili. Ya tatu nikafuta zile aya tano. Alikuwa sahihi.

Kwa hiyo nilipomwambia binamu yangu "noma" nilimpa kile kile kilichonipotezea mwaka.

*

Septemba nilirudi Tawa. Nilibeba penseli za 4B na 6B, raba laini, na ramu ya karatasi za fotokopi, kwa sababu mtu akichora kwenye karatasi ya bei anaogopa kukosea. Jioni nilimwambia alete daftari. Nikafungua ukurasa wa susu nikasema, "Nilikudanganya. Huu mkono si sawa. Ni mkubwa kuliko kichwa."

Alinyamaza. Halafu akatoa simu, akatafuta, akaniwekea picha mbele ya uso. "Si ndio huu?"

Ulikuwa ndio. Alikuwa amempiga susu picha kwa karibu sana, amechuchumaa mbele yake, na mkono wenye kiganja cha mbaazi ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwenye simu. Kitu kilicho karibu na kamera hutoka kikubwa. Ndiyo maana pua zetu kwenye selfi huvimba. Kijana alikuwa amenakili kwa uaminifu, mraba kwa mraba, kosa la lenzi. Mkono wake haukukosea popote. Mimi ndiye niliyeona kosa na kudhani najua limetoka wapi.

Nilifurahi kupigwa hivyo. Huko ndiko kusahihishana kulivyo: anayesahihisha naye hutoka amejua kitu. Ningebaki na "noma" yangu tusingefika kwenye picha ile hata siku moja.

"Sawa," nikamwambia. "Simu imeona mkono mkubwa. Wewe ukimwangalia susu, unaona mkubwa hivyo?"

Akageuka kumtazama. Akachukua muda. "Hapana."

"Basi ni nani alichora?"

Hakupenda swali hilo. Lakini kesho yake asubuhi tuliketi mbele ya susu wote wawili, bila simu. Nilimfunza zoezi moja tu, kwa sababu ndilo nililolijua. Limo kwenye kitabu cha Kimon Nicolaides, mwalimu wa New York, kilichotoka mwaka 1941: unaweka macho kwenye kitu, si kwenye karatasi, na penseli inatembea polepole kama kwamba inaugusa ukingo wa kitu chenyewe. Hutazami unachochora mpaka umalize. Matokeo huwa ya kuchekesha, na yalichekesha. Susu alipewa kichwa cha bilinganya, na pua ikatoka nje ya uso kabisa. Binamu yangu, ambaye Kipchoge wake angeweza kuuzwa barabarani, alitaka kuchana karatasi.

"Hizi ni za takataka," nikamwambia. "Fanya kumi."

Alifanya kumi na mbili. Tatizo la susu kama modeli ni kwamba hakai. Anaambua, anatupa maganda, anafukuza kuku, anarudi kuambua. Huwezi kumwekea miraba. Inabidi ujue mkono unafanya nini kabla haujafanya, na ujuzi huo haupati kwa kusubiri, unaupata kwa kukosea upesi. Kufikia mchoro wa tisa kijana aliacha kuchora mikunjo ya ngozi na kuanza kuchora mkao: bega limeshuka, kiwiko juu ya goti, kichwa kimeinama kuelekea beseni. Ulikuwa mchoro mchafu, mistari mitatu mahali pa mmoja. Ila ungeuweka kando ya ule wa mwezi wa nane, huu ndio ungesema mwanamke huyu anafanya kazi. Ule mwingine ulikuwa umeketi kupigwa picha.

Kisha susu akaomba kuona. Alizishika karatasi moja moja, akizisogeza mbali na macho, akicheka kwa ile ya bilinganya. Kwenye ya mwisho hakucheka. Aliweka kidole juu ya mkono wa kulia.

"Hiki hakikunjiki," akasema kwa Kikamba, akatuonyesha kidole chake cha shahada. Kilikuwa kimenyooka wakati vingine vimekunja. Jembe lilimkata kabla baba yangu hajazaliwa, kikapona hivyo hivyo. Huambua mbaazi kwa kidole gumba na cha kati.

Miaka yote hii nimekula mbaazi za mkono ule, sikuwahi kuliona hilo. Binamu yangu anaishi naye, amemchora, naye hakuwa ameliona. Lilikuwepo hata kwenye picha ya simu. Tulienda tukaikuza: kidole kimenyooka, wazi kabisa. Alikuwa amekichora bila kujua anachora nini.

Hakusema kitu. Alichukua karatasi nyingine, akaketi tena, karibu zaidi safari hii, na susu akaendelea kuambua. Kwa mara ya kwanza nilimwona akitazama kwa muda mrefu kuliko anavyochora.

Baada ya wiki moja alinitumia mchoro kwa WhatsApp. Kidole kiko sawa. Bega la kushoto limekaa juu mno, na miguu ya kigoda haifiki chini, susu anaelea kidogo. Nilianza kutafuta emoji ya moto, nikaacha, nikaandika: "Kidole umepata. Bega liko juu. Kigoda kinaelea, tafuta kivuli chake."

Akajibu baada ya saa nzima: "Sawa. Na makala yako ya juzi ilikuwa ndefu."

Nimeisoma tena. Ilikuwa ndefu.